Makreti Yaliyokwama Magomeni

Mama yetu huuza nyanya barazani kwake, Magomeni, na huzipanga kwa mtindo ambao sijauona kwa muuzaji mwingine. Katika kila fungu, nyanya yenye kasoro, ile iliyochubuka au iliyoanza kulainika, huiweka juu kabisa, mbele ya macho ya mnunuzi. Wenzake humcheka. "Wewe unauza au unaungama?" jirani yake mmoja humwuliza karibu kila juma, naye humjibu, "Mimi nauza. Wewe ndiye utakayekuja kuungama." Nimesoma vitabu vingi vya maadili katika umri wangu, vingine vizito hata kuvibeba, na sikumbuki ukurasa ulionifunza biashara ya haki kuliko lile fungu.

Kwa miaka mingi nyanya hizo zilimfikia kupitia Kariakoo. Kazi yangu ni kusahihisha maandiko katika kiwanda kidogo cha uchapaji, mtaa wa pili kutoka sokoni, kwa hiyo kila asubuhi mimi hupita mahali matenga yanaposhushwa. Tenga la nyanya ni sanduku la fito na mbao mbichi, lililopigwa misumari kwa haraka kando ya shamba, likajazwa mpaka likafanya kichuguu, kisha likafunikwa majani na kushonewa kamba. Husafiri kutoka Iringa likiwa limelaliwa na matenga mengine. Likifika mjini, nyanya za juu ni nyanya. Za chini zimekwisha kuwa mchuzi. Wachukuzi hulibomoa, nyanya huchaguliwa, zilizopasuka huitwa masalo na kuuzwa kwa bei ya kuhurumiana, na tenga lenyewe, ambalo juzi lilikuwa mti umesimama, huishia chini ya karai la chipsi. Safari moja tu, kisha moto. Nimeuvuka mchuzi ule miaka nenda miaka rudi huku nimekunja suruali, nikijiambia kwamba israfu ni dhambi ambayo watu huifanya bila kumchukia yeyote, na kwa sababu hiyo ni ngumu kuikemea.

Nami nilikuwa hodari wa kukemea. Mdogo wangu ndiye aliyefanya jambo.

Yeye ni kitinda mimba wetu, mhandisi, mwanamke mwenye mwendo wa haraka na uvumilivu mdogo kwa hotuba zangu. Aliacha kazi ya ofisini, yeye na wenzake wakaanzisha kampuni ndogo, wakazunguka kwa watu wenye mitaji wakieleza habari ya kreti. Lilikuwa kreti la plastiki ngumu, la kijani, lenye matundu ya kupitisha hewa na kingo zinazobeba uzito wa kreti la juu ili nyanya za chini zisiguswe. Wenye mitaji walisikiliza. Lakini walichokubali kukigharimia hakikuwa plastiki peke yake, maana kreti la plastiki kila mtu analijua, na kila mtu anajua linavyopotea. Waligharimia kumbukumbu. Kila kreti lilibandikwa ubavuni kimraba cha vidoadoa kinachosomwa na simu, kiasi kwamba kila lilipobadili mikono, kutoka kwa mkulima kwenda kwa dereva, kwa dalali wa Kariakoo, kwa muuzaji wa rejareja, lilisomwa na ikajulikana liko kwa nani. Wakanunua pia mizani na mashine ya kuoshea, vikawekwa katika yadi waliyoikodi Buguruni. Nyanya zikiisha, kreti hurudi yadi, hupimwa, huoshwa, hupanda lori ambalo zamani lilikuwa likirudi Iringa bila kitu, na kule hujazwa tena. Hakukatwi mti, hakuchomwi ubao, na mchuzi haumwagiki njiani.

Siku aliyokuja kumweleza mama mpango huo tulikuwa tumeketi uani. Mama alikuwa akichambua kisamvu.

"Mama, huu unaitwa uchumi mzunguko," mdogo wangu alisema. "Kitu hakitupwi. Kinakwenda, kinarudi, kinakwenda tena."

"Na ulikaa chuoni miaka yote ile ili uje kuniambia vitu virudishwe?"

"Ndiyo, mama."

"Haya. Basi niandike mimi wa kwanza."

Akaandikwa wa kwanza. Wauzaji wenzake wa vichochoro vile walimfuata upesi, kwa kuwa huko wanawake wana desturi ya kutazama mama amefanya nini kabla hawajaamua wenyewe, iwe ni habari ya mchango wa msiba au ya bei ya kitunguu. Hazikupita siku nyingi nyanya zikawa zinafika Magomeni zikiwa nzima mpaka ya chini kabisa. Mama akapata taabu ya kutafuta zenye kasoro za kuweka juu ya mafungu.

Wenye mitaji walikuwa wametoa sharti moja: makreti yarudi. Walimpa mdogo wangu msimu huo wa nyanya. Ikiwa utakwisha na makreti yamepotelea mjini, wangefunga mkoba, wangeuza mashine na mizani, na mambo yangekomea hapo. Yeye hakuwa na kazi nyingine ya kurudia. Lakini hilo halikumkosesha usingizi kama jambo la pili, nalo ni kwamba aliwaambia wakulima kule Iringa, kwa kinywa chake, waache kuagiza matenga, nao wakamwamini wakaacha.

Msimu ulipofika katikati, makreti ya Kariakoo yalikuwa yakirudi. Ya Buguruni yalikuwa yakirudi. Ya Magomeni hayakurudi.

Alikuja ofisini kwangu asubuhi moja akaweka simu yake juu ya kurasa nilizokuwa nazisahihisha. Palikuwa na ramani ya jiji, na juu yake vitone vyekundu, kila kitone kreti lililochelewa.

"Kaka, tazama. Hapa ni wapi?"

Nilivaa miwani. Vitone vilikuwa vimesongamana kama siafu juu ya mkate, na katikati ya msongamano ule palikuwa na mtaa ambao ningeutambua hata kama ramani ingechorwa kwa mkaa.

"Ni nyumbani," nilisema.

"Nyumbani," alisema. "Na kwa rafiki zake wote."

Tulikwenda pamoja sokoni kwa dalali wa mama, bwana mnene mwenye sauti ya kuuzia, ambaye ndiye aliyekuwa akimkabidhi makreti. Alituona tukiwa mbali.

"Injinia! Mambo?"

"Poa, kaka. Habari ya makreti?"

"Habari unayo wewe. Bi mkubwa kafungua ghala huko Magomeni? Mwambie aniuzie kwa jumla, mimi nipo!"

Wachukuzi wakacheka, na mmoja akaongeza kwamba kwa wingi ule wa makreti labda anajenga ghorofa. Mdogo wangu alicheka nao, maana Kariakoo asiyecheka hupewa la pili. Tulipofika pembeni ndipo aliponiambia kwamba mmoja wa wenye mitaji, mwakilishi wao anayekuja kukagua, alikuwa amempigia simu jioni iliyotangulia. Alisema alikwisha kumwonya: watu wa uswahilini ukiwapa chombo kizuri hukifanya kiti.

Alilisema hilo bila kulia wala kupandisha sauti, nami ningependa angelia.

"Nenda wewe, kaka," akasema. "Mimi nikienda nitamkosea mama adabu."

Nilikwenda baada ya kazi. Njia nzima nilikuwa natunga maneno. Nilikuwa na hotuba nzuri kuhusu amana, yenye utangulizi, mifano miwili na hitimisho la upole, kwa kuwa mtu hamsomei mama yake hitimisho kali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbona umekuja na uso wa hotuba ya Ijumaa?"

Macho yangu yalikuwa yamekwisha kuyaona makreti. Yalikuwa uani, yamepangwa dhidi ya ukuta kwa unadhifu ambao ungeifaa maktaba, na juu yake pametandikwa khanga safi. Hapakuwa na kuku ndani wala mtu juu. Nilifunua khanga. Kila pembe ilikuwa imesuguliwa mpaka ukijani wake ukang'aa.

"Mazuri, eh?" mama alisema. "Nimeyasugua kwa majivu na ndimu."

"Mama, yanatakiwa yadi."

"Najua. Yatakwenda."

"Lini?"

"Nazi zikifika. Mjomba wako ameleta salamu, ziko njiani zatoka Mafia."

"Nazi za nini?"

Akanitazama kwa muda, kama mtu anayejiuliza ni wapi alipokosea malezi. "Baba. Kreti lilikuja kwangu limejaa. Nilirudishe linapita upepo?"

Msomaji aliyekulia pwani hahitaji maelezo, lakini huenda kitabu hiki kikafika mbali, basi nieleze. Kwetu, jirani akikuletea sahani ya chakula, sahani ile hairudi kwake tupu. Utaiosha, utaiweka, na siku utakayokuwa na kitu, japo ni embe mbili au kipande cha mkate wa kumimina, utaitia humo na kuirudisha. Ndivyo pia kwa sufuria ya kuazima. Hakuna aliyeliandika jambo hili, wala hakuna mtoto wa Magomeni anayekumbuka ni lini alifundishwa. Analijua kama anavyojua mkono wa kulia. Hapo hotuba yangu ya amana ilinifia kinywani. Hata hivyo nilijaribu kuokoa japo hoja moja.

"Lakini mama, nyanya unazinunua. Hukupewa."

"Nyanya nimenunua. Kreti nimenunua?"

"Hapana."

"Nimeazimwa. Na aliyeniazima ni mwanangu, mbele za watu. Sasa mimi nimdhalilishe mwanangu kwa kumrudishia chombo kikavu?"

"Na wenzako, mama? Yao nayo yako wapi?"

"Wananingoja mimi. Wa kwanza kuandikwa ni nani?"

Hivyo ndivyo nilivyofahamu kwamba mradi wa uhandisi uliogharimiwa na watu wenye busara ya fedha ulikuwa umesimama, Magomeni nzima, ukisubiri nazi kutoka Mafia.

Nilimsihi asizingoje. Nilimwambia kwamba kilicho ndani ya nyumba kinatosha, na kwamba mwanawe hataangalia ukubwa wa kitu. Baada ya kusita alikubali, akawatuma watu kwa wenzake, na asubuhi iliyofuata guta la magurudumu matatu lilijazwa makreti ya kijani, na kila kreti lina kitu chake: mkate wa kumimina uliofungwa kwa kitambaa, achari ya bilimbi katika chupa, ndimu, kisamvu kilichotwangwa, mafungu ya dagaa. Wanawake walivaa kama waendao kumtazama mzazi. Nilifuatana nao mpaka Buguruni nikiwa nimejaa furaha ya mpatanishi, furaha ambayo sasa naijua kuwa ni ya mapema siku zote.

Mizani ya yadi ile ilikuwa na ukali wake, na ukali huo ulikuwa na sababu. Mwanzoni mwa msimu wapo watu wa sokoni waliogundua kwamba kreti linalorudi ni njia rahisi ya kuondoa masalo na takataka bila kulipia gari la taka. Ndipo mdogo wangu akaifundisha mizani kukataa kreti lolote lenye uzito uliozidi wa kreti tupu, na kumpelekea mwenye kreti ujumbe kwa simu.

Mama aliweka kreti lake la kwanza. Taa ikawa nyekundu. Simu yake ikalia mkobani. Akaitoa, akaishika mbali na macho kama anavyoshika kila kitu cha kusoma, akasoma kwa sauti ili wenzake wasikie, kwa kuwa alidhani ni shukrani.

"Kreti halijapokelewa. Ondoa uchafu, urudishe tena."

Mashine ya kuoshea iliendelea kunguruma.

"Uchafu," mama alisema, akautazama mkate wake.

"Heee!" mmoja wa wenzake akamaka. "Hii mashine haikulelewa!"

"Mtu na mkate wake wa iliki, anaambiwa uchafu!"

Mdogo wangu alitoka ofisini mbio, kalamu ingali sikioni. Aliona taa, aliona mkate, aliona uso wa mama, akaelewa kila kitu kwa pamoja.

"Mama, samahani. Hilo neno si la kwako. Ni mashine tu."

"Na mashine nani kaifundisha kusema?"

Mama alifunga mkate wake kwa kitambaa, akaurudisha ndani ya kreti, akamwashiria mwenye guta. Wenzake wakafuata. Msafara wote uligeuka kurudi Magomeni na makreti yake, na mimi, mpatanishi, nikabaki langoni nimeshika chupa ya achari niliyopewa nishike.

Mdogo wangu alifika nyumbani siku ile ile, baada ya alasiri. Nilikuwapo. Sikusema neno, na wanaonijua watalihesabu hilo kuwa muujiza. Hakuketi kitini. Aliketi mkekani, akavuta ungo wa kisamvu uliokuwa mbele ya mama, akaanza kuchambua. Wakachambua wote wawili kitambo.

"Lile neno niliandika mimi," alisema hatimaye. "Niliwaza watu wa taka. Sikukuwaza wewe."

"Hilo nilikusamehe kabla guta halijafika Ilala." Mama alitupa kikonyo. "Lakini sirudishi chombo kitupu kwa kuwa mizani imenuna. Nikifanya hivyo leo, kesho hawa wanawake watanitazama vipi?"

"Sikuja kwa habari ya mizani. Nimekuja kuomba vyombo vya watu."

"Watu gani? Si vyako?"

"Si vyangu, mama. Mimi ni mpitishaji tu. Wenye kuvingoja wako Iringa."

Akatoa simu, akapiga, akaiweka mkekani kati yao ili wote tusikie. Aliyepokea alikuwa mwanamke, na nyuma ya sauti yake palisikika upepo na watu wakiitana shambani. Mdogo wangu alimwamkia, akamwambia kwamba yuko na mama yake mzazi.

"Shikamoo, mama!" sauti ikasema. "Poleni na jua la Dar."

"Marahaba, mwanangu. Poleni na shamba."

"Tumeshapoa, mama. Ila hapa tumekaa tu. Nyanya zimeiva, nyingine zinaanguka zenyewe. Watu wa matenga tuliwaambia wasilete tena. Tulikuwa tunataka tu kumwuliza dada, makreti yatakuja lini?"

Nilimtazama mama. Uso wake ulibadilika kwa namna ambayo hotuba yangu isingeweza kuubadilisha hata ningeisoma mara saba. Msomaji wa pwani atanielewa tena: katika desturi yetu liko jambo moja baya kuliko kurudisha sahani tupu, nalo ni kukaa na sahani mpaka mwenyewe akaja kuiulizia. Huenda ana mgeni mlangoni. Huenda ndiyo sahani pekee aliyonayo. Mtu anayeuliziwa chombo huzungumzwa kwa muda mrefu, na watoto wake huzungumzwa pamoja naye.

"Yanakuja, mwanangu," mama aliiambia simu. "Yanakuja sasa hivi. Mniwie radhi."

Simu ilipokatwa alisimama, akakung'uta majani ya kisamvu kutoka kwenye khanga.

"Kumbe nawashikia watu chombo na wao wana wageni," alisema. "Na wewe mtoto, msimu wote huu hukuniambia!"

"Nilikuambia, mama. Nilisema kinakwenda, kinarudi—"

"Ulisema uchumi mzunguko! Hukusema kuna mama huko anatazama njia!"

Hapo mdogo wangu alicheka, kwa mara ya kwanza katika siku nyingi, akacheka mpaka akaegemea ukuta. Mama hakucheka, alikuwa amekwisha kutoka barazani akiita majina ya wenzake kutoka kichochoro kimoja hadi kingine, na mwenye guta aliyekuwa akinywa kahawa yake kwa amani aliinuliwa kabla hajaimaliza.

Likabaki suala la mkate. Mama hakuliacha, wala sikutarajia aliache.

"Kreti litakwenda tupu kwa kuwa linangojwa," alisema. "Sawa. Lakini huyo aliyenisalimia kwa adabu ile, nimpelekee nini? Hewa?"

Mdogo wangu alifikiri. Nilimwona akifikiri, kwa kuwa yeye hufikiri kwa vidole, akivikunja na kuvikunjua.

"Nitaweka meza langoni, kabla ya mizani," alisema. "Kreti litapita tupu. Mtakacholeta mtaweka mezani. Kwenye kila lori nitatenga kreti moja la vitu hivyo, litapanda mbele pamoja na dereva."

"Meza ipi?"

"Nitatafuta."

"Chukua ile ya kwangu ya uani. Ina mguu mbovu, weka kigae."

Makreti yakaondoka jioni ile jua likiwa bado juu ya mapaa, na meza ikaondoka juu yake. Kabla hajapanda guta, mdogo wangu aliketi ngazini akafungua kompyuta yake ili aliondoe lile neno, na mama akasimama nyuma ya bega lake. Ilikuwa kazi ndefu kuliko alivyodhani.

"Andika: kreti lako bado lina kitu ndani."

"Nimeandika."

"Tafadhali. Weka tafadhali."

"Wapi?"

"Mwanzo. Adabu haiji mwisho."

Niliombwa kutoa rai yangu ya kitaalamu, nikaondoa koma moja. Nimesahihisha maandiko ya watu wengi wenye vyeo, na sijapata kushiriki katika sentensi iliyojadiliwa kwa uangalifu kama ile.

Kuanzia hapo vitone vyekundu vilianza kupungua juu ya Magomeni. Sitasema vilikwisha vyote, maana sipendi hadithi zinazonyooka kupita kiasi. Wako waliopoteza makreti kweli, na liko moja ambalo hata leo naamini limo chini ya tangi la maji la mtu fulani nisiyemtaja, kwa kuwa bado tunasalimiana. Lakini yalirudi. Wanawake waliyaleta siku ile ile nyanya zilipokwisha, kwa kuwa mama alikuwa amewatangazia kuna watu wanatazama njia, na habari hiyo iliwaharakisha kuliko ujumbe wowote wa simu. Nayo meza haikukaa tupu. Kulikuwa na chumvi ya mawe, ndimu, dagaa, na siku nazi za mjomba zilipofika hatimaye, dereva alilalamika kwamba hana pa kuweka miguu.

Mwakilishi wa wenye mitaji alikuja msimu ulipokuwa unafunga. Mdogo wangu aliniomba niwepo, nadhani kwa ajili ya suruali yangu ya heshima. Alikuwa bwana mwembamba, mpole kuliko nilivyomtarajia, ambaye alisoma kwanza takwimu zote katika skrini. Kisha akazunguka yadi. Alisimama mbele ya meza ya mama, yenye mguu juu ya kigae, akatazama mafungu yaliyokuwa juu yake.

"Hii ni ya nini? Haipo kwenye mpango."

Mdogo wangu alimweleza. Hakupamba. Alieleza habari ya sahani, ya mkate, ya lile neno aliloliandika mwenyewe, na ya simu kutoka shambani. Alieleza pia, kwa sauti ile ile, kwamba makreti ya Magomeni hayakuwa yamefanywa viti.

"Kwetu Songea," yule bwana alisema, "bibi alikuwa akirudisha vibuyu na unga ndani." Kisha, kama mtu anayekumbuka kazi iliyomleta, akauliza kama programu inaweza kuandika pia vitu vya mezani, nani ameleta nini, ili ionekane katika taarifa.

"Inaweza," mdogo wangu alijibu. "Lakini haitafanya hivyo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu siku vitakapoandikwa, aliye na ndimu mbili ataona haya, na atakaa na kreti mpaka apate nazi."

Nilijua kwamba angeweza kuupoteza mradi kwa jibu lile, na nilijua pia kwamba ningemheshimu hivyo hivyo. Mwakilishi aliandika kitu, akafunga kompyuta yake, akasema atawaeleza wenzake kwa maneno yake mwenyewe. Jibu lilikuja kabla juma halijaisha. Wataendelea. Wataongeza makreti, na mashine ya pili ya kuoshea, na njia ya pili, ya vitunguu. Meza haikutajwa mahali popote, nami naona ni vyema ilivyokuwa hivyo.

Mdogo wangu alikuja kumwambia mama habari hizo mwenyewe, nyumbani, kisha akamchukua Buguruni aione mashine ikifanya kazi, maana siku ile ya mkate hakupata nafasi ya kuitazama. Mama alisimama kando ya mashine, mikono imefungwa nyuma, kama mkaguzi wa elimu. Makreti yaliingia upande mmoja na udongo wa Iringa, yakatoka upande wa pili yakidondosha maji. Alitazama kwa muda mrefu. Nilifikiri anastaajabu.

Kisha akaliinua moja lililotoka punde, akapitisha kidole ndani ya pembe yake ya chini, akakiinua kidole juu ili sote tukione.

"Hapa bado kuna mchanga," alisema.

Mdogo wangu alilipokea lile kreti kutoka mikononi mwake, akalichungulia, akalirudisha mashineni.